Kutoka uwanjani hadi kiti cha uongozi: njia inaanzia wilayani

Twiga Stars wamecheza fainali za Mataifa ya Afrika, zikiwemo za mwaka 2010 na zile za 2024 zilizofanyika Morocco Julai 2025. Wachezaji tunao. Lakini bajeti, ratiba na usafiri wa timu hupangwa na viongozi, na huko wanawake bado ni wachache.

Je, mchezaji anaweza kufika huko? Lise Klaveness wa Norway amefika. Aliichezea timu ya taifa mechi 73, akasomea sheria, na mwaka 2018 akakabidhiwa idara ya timu za taifa. Machi 2022 alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la soka, mwanamke wa kwanza nchini humo. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine.

Hapa jirani, Lydia Nsekera aliongoza shirikisho la Burundi kuanzia 2004 hadi 2013. Mwaka huo wa 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati ya utendaji ya FIFA.

Kwetu, rais wa TFF huchaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu, wakiwemo wa vyama vya mikoa. Chini ya mkoa kuna chama cha wilaya. Kwa binti wa Bariadi au Itilima aliyeng'ara UMISSETA, ngazi ya kwanza ni hiyo ya wilaya.

Chama cha soka cha wilaya yako kina mwanamke aliyewahi kucheza mpira? Kama hakuna, uchaguzi ujao nani atachukua fomu?