Acheni kuzisingizia taa

Wasomaji wa kibaraza hiki mnisamehe kwa ukimya wa wiki mbili. Testi zilifuatana, na kula sapu mwaka wa tatu si jambo la kujivunia. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira.

Basi ni hivi. Hapa hosteli nina jamaa tunapiga naye muziki, yeye gitaa la solo, mi besi. Likizo iliyopita alirudi kutoka kwao na redio ya marehemu babu yake, ile ya sanduku la mbao inayotumia vali, yaani zile taa za kioo zilizofanya kazi ya transista kabla transista hazijaenea. Akaifumua, akaigeuza amplifaya ya gitaa. Ndani alikuta EL84 ya kusukuma spika na EZ80 ya kugeuza umeme wa ukutani kuwa wa upande mmoja, akaongeza ECC83 mbele ya kupokea gitaa. Nilimpongeza kwa moyo mweupe. Sauti ilikuwa tamu jamani! Ukigusa nyuzi kwa upole inakaa safi, ukizikandamiza inaanza kukwaruza yenyewe, hadi rumu ya pili wakaja kuuliza tumenunua nini.

Baada ya mwezi ikaanza kugoma. Ukiwasha, dakika kumi za kwanza nzuri, halafu sauti inavimba na kupasuka, na ukichungulia nyuma unaiona EL84 bati lake la ndani limekuwa jekundu kama mkaa. Siongelei ule mwanga mdogo wa katikati, huo ni wa kawaida. Naongelea bati lenyewe.

Jamaa akatoa hukumu hapo hapo: "Kaka, taa imechoka." Akaagiza mpya nje, maana vali mpya za leo nyingi hutoka Slovakia, Urusi au China, kwa hiyo unalipia taa na unalipia safari yake. Ikafika, ikachomekwa, ikawa nyekundu. Akasema hizi mpya ni feki, akatafuta ya zamani ambayo haijatumika, ya bei mbaya zaidi, na hapo ndipo bumu lilipokwenda lote. Nayo ikawa nyekundu! Taa tatu. Wiki hiyo alikuwa anakula kwangu, ndiyo maana nasema nina haki ya kuandika haya.

Hivi muda wote huo nani alipima? Hakuna. Mita ilikuwepo, yangu, mezani, imelala.

Nilipochoka nikaenda Kariakoo kwa fundi mmoja mzee. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba na papo hapo akauliza, "Umepima, au umekuja kununua?" Nikaona aibu. Akanieleza kitu ambacho darasani hatujawahi kukifika, kwa sababu sisi vali tulizipita kwa slaidi moja.

EL84 ya aina hii ina rezista chini ya kathodi yake, mguu wa 3. Kwetu ni ya omu 135. Ikifanya kazi kwa volti 250 kama watengenezaji walivyopanga, mguu huo unasoma volti 7 na kitu, maana zinapita kama miliampia 53. Gridi, mguu wa 2, inatakiwa isome sifuri. Niliporudi nikapima: kathodi volti 11, gridi volti 6 chanya. Sasa fanyeni hesabu, ni ya kidato cha pili: 11 gawanya kwa 135 ni miliampia 81. Kikomo cha taa hii ni 65. Bati lake limetengenezwa kuhimili wati 12 na sisi tulikuwa tunalipa karibu wati 17. Itaachaje kuwa nyekundu?

Hizo volti 6 kwenye gridi zimetoka wapi? Hapo ndipo penye utamu. Kati ya ECC83 na EL84 kuna kapasita kadogo ambako kazi yake ni kuruhusu sauti ipite na kuzuia volti kubwa za moja kwa moja zisipite. Kapasita za karatasi za enzi zile zikizeeka zinavuja, na zikipata joto zinavuja zaidi, ndiyo maana tulikuwa tunapewa dakika kumi za furaha. Lakini taa mbovu nayo inaweza kuleta volti pale pale, kwa hiyo usikurupuke. Chomoa EL84, washa, pima tena mguu wa 2 wa soketi. Volti zikiondoka, mkosaji ni taa. Zikibaki, mkosaji ni kapasita. (Usiiache imewaka muda mrefu bila taa hiyo, volti za ndani zinapanda.) Kwetu zilibaki. Nikalehemu kapasita mpya ya plastiki ya volti 630. Bei yake haifiki soda. Taa ya kwanza kabisa, ile iliyohukumiwa, ndiyo inayopiga mpaka usiku huu, na kathodi inasoma 7.3.

Sasa nigeukie mnaosema sauti inakaa kwenye taa. Tafadhali sana. Mwaka 1962 huko London, Jim Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven walitaka amplifaya. Walichofanya ni kuchukua mchoro wa Fender Bassman ya Marekani, ule unaoitwa 5F6-A, wakaujenga kwa vipuri walivyoweza kuvipata. Transfoma za hapo hapo, ECC83 mahali pa taa ya kwanza ambapo Fender alitumia 12AY7 yenye ukuzaji mdogo, na spika za Celestion za inchi 12 ndani ya sanduku lililofungwa nyuma badala ya zile za inchi 10 za sanduku lililo wazi. Ikatoka JTM45, na watu wakaanza kusema "sauti ya Kiingereza". Wale hawakuwa wanasaka taa yenye roho. Walikuwa wanatumia kilichopo dukani na wanajua kila kipuri kinafanya nini. Na wewe uliyepo Dar au Mwanza au Mombasa unasubiri kifurushi cha taa "adimu" wakati hujui gridi yako inasoma ngapi! Sisemi taa zote zinalia sawa, tofauti zipo. Lakini tofauti ya taa mbili nzima ni ndogo mno ukiilinganisha na kapasita inayovuja, au spika uliyochomoa kwenye subufa ya rumeti.

Wanafunzi wenzangu wa uhandisi mnaocheka kwamba vali ni makumbusho, nyie siwajibu leo. Ila niambieni ni lini mmepima kitu mlichokijenga wenyewe bila kudesa ripoti ya maabara ya mwaka uliopita.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Kwa furaha ya amplifaya kupona, jamaa amenunua redio ya pili, ya mtumba, nzuri kwa macho. Nikafungua nyuma kusoma majina ya taa: UCH81, UBF89, UCL82, UY85. Nikaifunga.

Majina ya taa za Ulaya yanasomeka, ndugu zangu. Herufi ya kwanza inakwambia hita inalishwa vipi. E ni volti 6.3. U ni miliampia 100, hita zote zimeunganishwa mfululizo na kulishwa umeme wa ukutani moja kwa moja. Redio ya namna hiyo kwa kawaida haina transfoma ya kuitenga na ukuta. Bati lake la ndani limefungwa kwenye waya mmoja wa plagi, na kutegemea umeangukia waya upi, bati zima linaweza kuwa na volti 230. Babu hakupigwa na umeme kwa sababu alikuwa anagusa mbao na vifundo vya plastiki tu. Ukiigeuza ya gitaa, waya wa nje wa kebo unakwenda kwenye bati, na kutoka hapo kwenye daraja la gitaa na nyuzi zote sita. Mkono kwenye nyuzi, mdomo kwenye maikrofoni iliyo na ethi. Mmeelewa?

Na E nayo isikulaze usingizi, maana zipo za E zenye transfoma ya koili moja ambayo haitengi chochote. Chomoa plagi ukutani, weka swichi ya redio kwenye kuwaka, pima omu kutoka kila pini hadi kwenye bati. Ikisoma njia, hiyo si ya gitaa. Ikiwa salama, kabla ya kuingiza mkono pima kapasita kubwa za umeme, maana zinabaki na volti mia na ushee hata plagi ikiwa mkononi mwako. Zimwage kwa rezista, siyo kwa bisibisi, na mkono wa pili uwe mfukoni. Ukiwasha mara ya kwanza pitisha umeme kwenye balbu ya filamenti ya wati 60, ya LED haifai. Na bati lipate waya wa ethi.

Nilimweleza haya yote jana usiku. Akanijibu, "We mwoga sana, mbona watu wanafanya?" Jumamosi kuna shughuli ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, na anataka kupanda nayo jukwaani.

Redio iko chini ya kitanda changu, nimekata waya wa plagi. Amenuna, hajaja kula tangu asubuhi. Ile ya EL84 nimemwachia mlangoni kwake, na karatasi juu yake yenye volti za kila mguu.