Nani Kawaambia Mji Huwa Mtupu?

Mimi si mtu wa ugomvi. Lakini kuna maneno nimeyasikia kijiweni kwetu nikajaribu kuyameza, yamekataa kushuka. Naomba ukurasa huu niyateme.

Mambo yalianza Julai 2025 ilipotoka Superman mpya, ile ya James Gunn. Humo mna jitu kubwa linavuruga mji, na Superman katikati ya kipigo anajitupa kumwokoa kindi. Kindi, mnyama wa kula karanga! Kijiwe chetu cha Gongo la Mboto kilicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Washikaji wakasema huyo si Superman, huyo ni bwana mifugo. Superman wa kweli ni yule wa Zack Snyder, wa Man of Steel ya 2013 na mwendelezo wake wa 2016, Batman v Superman. Yule akipiga, ghorofa linalala. Mimi nikauliza swali dogo tu: katika yale maghorofa yaliyolala, ndani mlikuwa na nani? Tangu siku hiyo naitwa mzee wa huruma.

Kwa asiyeziona, habari yenyewe ni hivi. Katika ile ya 2013, Jenerali Zod anataka kuigeuza dunia iwe kama Krypton ya kwao. Anaweka chombo juu ya mji wa Metropolis, na mashine nyingine upande wa pili wa dunia, katika Bahari ya Hindi (bahari yetu hii hii, ingawa hakuna aliyetubishia hodi). Superman anakwenda kuivunja ile ya baharini, huku nyuma Metropolis inasagwa kama mahindi. Akirudi, anambusu mpenzi wake kwenye kifusi. Kisha yeye na Zod wanatupiana majengo mpaka anamvunja shingo. Sinema inaisha stelingi kavaa miwani, anaanza kazi gazetini, anatabasamu. Hakuna tanga, hakuna hata mtu mmoja aliyefunga khanga kiunoni.

Mashabiki wengi wa Marekani walikasirika. Hata Mark Waid, ambaye mwenyewe ni mwandishi wa hadithi za Superman, alilalamika hadharani. Wengine wakajibu kwamba hiyo ni sinema tu, acheni ushamba. Walizozana miaka mitatu, mpaka mwendelezo ulipotoka.

Na mimi nakiri, karibu na mwanzo wa mwendelezo ule kuna kazi ya mtu anayejua kusimulia. Vita ni ileile, ila safari hii tuko chini barabarani. Bruce Wayne anakimbiza gari kwenye vumbi, jengo la kampuni yake linaporomoka na wafanyakazi wake wakiwa ndani. Mtu mmoja kabanwa miguu na chuma. Kuna mtoto wa kike, anaulizwa mama yuko wapi, naye ananyoosha kidole juu, kule ambako lilikuwapo jengo. Nilikuwa kidato cha nne nilipoiangalia kwenye banda la video, zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Banda zima lilinyamaza. Hata mtafsiri, ambaye kwa kawaida hata mtu akikohoa yeye anaongeza maneno, alikaa kimya.

Banda la Gongo la Mboto halinyamazi hivi hivi. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya mabomu ya kwetu yalilipuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Anga ilikuwa nyekundu, vyuma vinapita juu na mlio kama shuka inayochanwa. Mama alimfunga mdogo wetu mgongoni, akanishika mkono, tukakimbia pekupeku pamoja na maelfu ya watu ambao nao hawakujua waendako. Dada yangu alituponyoka kwenye umati. Tulimpata kesho yake mchana Uwanja wa Uhuru, kakaa na watoto wengine waliopotea, kashika kandambili moja. Watu zaidi ya 20 walikufa usiku ule, na hiyo ilikuwa hata miaka miwili haijatimia tangu yale ya Mbagala ya Aprili 2009. Kwa hiyo yule mtoto wa Metropolis mwenye kidole juu, kila aliyekaa kwenye bao lile alikuwa anamjua kwa jina jingine.

Sasa ngojeni mwisho wa sinema. Linatokea zimwi liitwalo Doomsday, na ngumi zinaanza upya katikati ya Metropolis ileile. Mtangazaji wa televisheni anatuambia tusiwe na wasiwasi, saa za kazi zimekwisha na katikati ya mji ni karibu kutupu. Zimwi linapelekwa angani, likianguka linaangukia kisiwa, na jeshi linatuhakikishia kwamba kisiwa hakina mtu. Batman analivuta mpaka bandari ya Gotham, na huko nako tunaambiwa bandari imehamwa. Mara tatu! Saa mbili nzima sinema imetufundisha kumlilia kila aliyefukiwa, kisha waandishi wakasikia kelele za mashabiki, wakawafuta watu wote kwa sentensi tatu ili vita iwe halali.

Na mashabiki wakaridhika. Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Mshikaji mmoja, tena mwenye Divisheni Wani, aliniambia, "Si unaona, walirekebisha. Raia walishatoka." Walitoka wapi? Baba yangu ni mlinzi wa usiku mjini. Saa kumi na mbili jioni, wakati mtangazaji wa Metropolis anasema watu wamekwisha kwenda nyumbani, ndiyo saa ambayo mzee anafungua thermos yake ya chai na kukaa kwenye kiti cha plastiki. Usiku wa mabomu ya 2011 alikuwa lindoni Posta, anauona mwanga upande wa nyumbani kwake, na hakuwa na wa kumwachia geti. Posta ya usiku ina akina mama wanaopiga deki ofisi ghorofa baada ya ghorofa. Ina watoto waliolala kwenye maboksi, ina bodaboda aliyesinzia juu ya pikipiki yake. Kariakoo saa nane za usiku malori ndiyo kwanza yanashusha. Na bandari! Mtu aliyeandika kwamba bandari haina watu aje aulize makuli wetu.

Huyo mlinzi ndiye wa kwanza kufa. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam, walikufa watu 11, hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Walinzi wa getini walikuwemo. Siku ileile Nairobi walikufa zaidi ya 200.

Nataja 11 kwa sababu kuna wale wajanja wa upande wa pili, timu Marvel, wanaocheka kwamba wao walilijibu swali hili vizuri zaidi, katika Captain America: Civil War ya mwaka uleule wa 2016. (DC na Marvel kijiweni kwetu ni Simba na Yanga, usiingie kati.) Ni kweli, humo stelingi wanaitwa na kuulizwa habari za maiti, wanaletewa karatasi ya kusaini. Vita inaanzia Lagos, jengo linalipuka, na televisheni ya humo ndani inatangaza kwamba miongoni mwa waliokufa wamo Wawakanda 11. Mfalme wa Wakanda anasimama kuwalilia watu wake, na ana haki. Lakini jamani, hiyo ni Lagos! Wenye mji wamekwenda wapi? Wakanda ni nchi ya kubuni, na maiti zake zinahesabiwa. Nijeria ni nchi ya kweli, na maiti zake zimeachwa katika neno "miongoni".

Najua nitajibiwa nini, nimeshajibiwa mara mia. Kwamba stelingi akianza kuhesabu maiti sinema haiishi. Kwamba watu wanalipia ngumi, hawalipii matanga. Na mimi nazipenda ngumi, wee! Nimezirudia zile za Man of Steel sijui mara ngapi. Tena kuna shabiki mwenye hoja nzito kuliko hizo, anayesema kwamba kuonyesha mji mtupu ni adabu, kuliko kuua maelfu kwa mchezo. Huyu namheshimu, lakini simkubali. Mwenye kuua maelfu bila kuangalia nyuma tulimkamata, tukampigia kelele, akaona aibu. Huyu aliyetangaza kwamba hapakuwa na mtu tutamkamata kwa lipi, wakati ushahidi wote kaufagia? Mimi nachagua yule kindi mnayemcheka. Kindi maana yake ni kwamba kabla ghorofa halijaguswa kuna mtu aliangalia chini, akaona kuna roho. Basi, hata kama ni roho ya kula karanga.

Wenzangu tunaotunga, tusiwacheke Wamarekani kwa sauti kubwa. Mimi mwenyewe nina muswada wa riwaya, daftari tatu kubwa, na katika sura ya tisa genge la majambazi linalipua benki moja ya Kariakoo. Niliandika kwamba usiku ulikuwa wa manane na mtaa hauna mtu, halafu mlipuko ukaumeza mtaa mzima. Niliona nimeandika kama mabingwa. Siku moja mzee karudi lindoni asubuhi, kalikuta daftari mezani, akalisoma polepole kwa kidole mpaka chai ikapoa.

"Mwanangu," akasema, "hii benki yako haina mlinzi?"

"Anayo, baba."

"Alitoka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mzee akavua viatu, akaenda kulala. Ni miezi minne sasa niko sura hiyo hiyo ya tisa. Mlinzi nimemweka getini, ana jina na ana thermos, ana binti anayesoma darasa la sita. Bomu limeshategwa, na hadithi inataka lilipuke, na kila nikishika kalamu yeye yuko pale kwenye kiti chake cha plastiki, ananiangalia.