Nani Achague Msaidizi?

Mtu alishwaye na kuogeshwa kwa mikono ya mwingine, je, haifai aulizwe ataka mikono ya nani? Ed Roberts wa California alipooza kwa polio mwaka 1953, akiwa na miaka 14. Mwaka 1972, yeye na wenzake walifungua kituo mjini Berkeley, walemavu wapate kujichagulia wasaidizi na kuwaongoza wenyewe kazini. Huko Uswidi, tangu mwaka 1994, sheria huwapa haki hiyo walemavu wenye shida kubwa. Basi ninyi wenye mlemavu nyumbani, kabla ya kuleta msaidizi, mwulizeni yeye kwanza. Aogeshwaye ndiye ajuaye mkono mpole. Tena msaidizi apewe ujira wake. Shukrani peke yake hailishi watoto.