DOOM ya mwaka 1993: je, ingali na nguvu leo?



Kuko ubishi mmoja usioisha kati yetu. Kila mara mchezo mpya wa ordinatere unapotokea, wengine wanasema: «Michezo ya zamani imekufa, ile ni kitu ya wazee.» Ukiwatajia DOOM wanacheka, juu ya picha zake zinazofanana na matofali. Upande mwingine kuko wakubwa wanaosema kwamba mchezo wowote wa kupiga bunduki, mpya ao wa zamani, ni kazi ya Shetani tu. Mimi sikubaliani na hawa wala na wale. Ninawaza kwamba DOOM ingali inasimama vizuri, tena inatufaa sisi wanafunzi kuliko mingi ya michezo mipya. Nitaeleza sababu zangu moja moja.

Kwa wale wasioijua: DOOM ilitengenezwa katika Marekani, jimbo la Texas, mji wa Mesquite, na kampuni ndogo inayoitwa id Software. Watengenezaji walikuwa wachache, hawakufika makumi mawili. Ilitoka tarehe 10 Desemba 1993. Mchezaji anaona kwa macho ya askari mmoja aliye peke yake juu ya Phobos, mwezi wa sayari Mars. Haoni mwili wake, anaona tu mikono na silaha. Mlango wa jehanamu umefunguka, mashetani wametoka, naye anapaswa kupita katikati yao. Hadithi yake ni hiyo tu. Sehemu ya kwanza, yenye ramani 9, ilitolewa bure, na kila mtu aliweza kuikopi na kumpa mwenzake. Aliyetaka kuendelea alinunua sehemu mbili zingine. Ndiyo maana ilienea upesi kama moto katika majani makavu.

Sababu ya kwanza ni akili iliyo ndani ya kazi ile. Ordinatere za wakati ule zilikuwa na nguvu kidogo. DOOM ilitembea juu ya mashini yenye prosesa 386 na kumbukumbu ya mega 4. Telefone ya leo, hata ya bei ndogo, inaipita mbali sana. Basi John Carmack, aliyeandika programu, alifanya nini? Alichukua njia ambayo wataalamu walikuwa wameieleza tangu mwaka 1969 na tena mwaka 1980. Ramani nzima inagawanywa mbele ya wakati kwa mstari mmoja, kisha kila nusu kwa mstari mwingine, mpaka vinabaki vipande vidogo. Wakati wa kucheza, mashini haihangaiki tena kujua ukuta gani uko mbele na gani uko nyuma. Jibu liko tayari katika ule mgawanyo. Ni sawa na kutafuta neno katika kamusi: unafungua katikati, unaacha nusu isiyofaa, unafungua tena, na upesi umelipata.

Kwa mambo mengine pia walikubali mipaka yao. Mashetani ni picha bapa tu, zilizotengenezwa kwa pande mbalimbali, mpaka nane, ili ukizunguka uone mgongo wake ao ubavu wake. Silaha zingine zilikuwa vitu vya plastiki vya watoto, wakavipiga picha. Hakuna chumba juu ya chumba kingine, mchezaji haruki, wala hawezi kuinua macho juu. Lakini unapocheza husikii upungufu huo, kwa sababu kila kitu kimepangwa kufuatana na mipaka ile. Nani kati yetu, akipewa vifaa vichache, anatengeneza kitu ambacho watu wanakitumia miaka zaidi ya 30?

Sababu ya pili ni mchezo wenyewe. Katika michezo mingi ya sasa, ukipigwa unajificha nyuma ya ukuta, unangoja kidogo, na afya inarudi yenyewe. Katika DOOM haiko vile. Afya unaitafuta kwa miguu yako, na risasi pia. Mashetani wengi wanatupa moto unaouona ukija, kwa hiyo anayetembea sana anapona na anayesimama anakufa. Kila adui iko na namna yake: huyu anauma tu, yule anatupa moto kutoka mbali. Mara nyingine, mmoja akimpiga mwenzake bila kutaka, wanaanza kupigana wao kwa wao, na mchezaji mwenye akili anapita kando. Hakuna maneno marefu ya kukufundisha. Unaona, unafahamu, unafanya. Nguvu hiyo haizeeki, kama vile mpira wa miguu hauzeeki.

Sababu ya tatu ni gharama. Hapa ndipo ninaomba wenzangu wanisikilize vizuri. DOOM nzima ya mwaka 1993 haifiki mega 15. DOOM ya mwaka 2016 inapita giga 50, ni kusema zaidi ya mara elfu tatu! Na ile ya mwaka 2025, The Dark Ages, inadai kadi ya picha ya aina mpya. Bila hiyo haifunguki. Tunajua bei ya mega katika inchi yetu, na tunajua umeme unavyokuja na kwenda. Kuko vijana wanaotosha feza katika minervali waliyopewa na wazazi ili wapeleke katika nyumba za michezo, juu ya kuogopa kuitwa washamba. Baba analima, mama anauza sokoni, na mtoto analipa saa moja ya kuona picha nzuri! Mchezo wa zamani unatembea bure juu ya mashini ambayo wengine wameitupa. Mwaka 2014 mtaalamu mmoja aliichezesha DOOM hata ndani ya mashini ya kuchapa karatasi, juu ya kioo chake kidogo. (Mtu asijaribu na roneo ya gazeti hili. Ile haina ubongo, iko na wino tu.) Tena tusisahau kwamba coltan inayochimbwa Rubaya, kule Masisi, inatoa tantali inayoingia katika mashini hizi za kisasa. Sisi tunaojua machimbo yale na damu iliyomwagika karibu nayo tusiwe wa kwanza kudharau mashini ya zamani inayofanya kazi.

Sababu ya ine ni kwamba DOOM ni kitabu kilicho wazi. Katika Desemba 1997, id Software ilitoa bure maandishi ya programu yake, na mwaka 1999 ikayaweka chini ya lisansi GPL. Kila mtu anaweza kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa, mradi awaachie wengine haki ile ile. Picha na ramani zilibaki mali ya kampuni, lakini watu wa kujitolea walitengeneza zingine, zinaitwa Freedoom, hazilipishwi. Mchezo mpya unaucheza tu. Huu wa zamani unaweza kuufungua kama fundi anavyofungua saa, ukaona gurudumu gani linazungusha lingine.

Sasa nije kwenye neno la wakubwa, maana ni neno zito. Tarehe 20 Aprili 1999, vijana wawili waliua wanafunzi 12 na mwalimu 1 katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado. Walikuwa wanacheza DOOM, na watu wengi walishitaki mchezo huo. Mimi najibu kwamba watu wengi sana waliicheza na hawakuua hata kuku. Lakini sisemi kwamba kinachoingia machoni hakiachi kitu. DOOM iko na damu, na mtoto mdogo haimfai. Ninachosema ni kwamba michezo hii yote si sawa. Sandy Petersen, aliyetengeneza sehemu kubwa ya ramani za DOOM, ni mtu wa dini. Kwake mashetani hawakuwa shida, kwa kuwa ndio adui. Hakuna mjane anayelia juu ya shetani wa Phobos.

Lakini tazameni Call of Duty: Black Ops II, uliotoka mwaka 2012. Unamwonyesha Jonas Savimbi akiongoza askari wake katika Angola, mwaka 1986, na mchezaji anasaidia kuwaua Waangola wa upande wa pili. Angola ni jirani yetu. Vita vile vilikuwa vya kweli, viliisha mwaka 2002 tu, na wakimbizi wengi walivuka mpaka kuja kwetu. Watoto watatu wa Savimbi walishitaki kampuni katika Ufaransa mwaka 2016, hawakushinda. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kuogopesha: picha nzuri kabisa, na ndani yake kifo cha watu wa kweli kimegeuzwa kuwa furaha ya jioni. Katika shule zetu kuko wanafunzi waliokimbia mlio wa bunduki ya kweli. Hao wasichekwe kamwe wakikataa kucheza, hata DOOM.

Je, DOOM haina kasoro? Iko nazo. Ramani zingine, zaidi katika sehemu ya pili na ya tatu, zinachosha. Unazunguka ukitafuta ufunguo wa buluu ao mwekundu mpaka kichwa kinauma. Na anayetaka hadithi asome kitabu. Lakini kasoro hizo hazitoshi kuuzika.

Basi ninatoa mawazo mawili. Kwa walimu wetu: badala ya kukataza tu, saa moja ya somo la informatiki ichukuliwe ili tuone namna ramani ile inavyogawanywa kwa mistari. Hiyo ni hesabu, na wengi wanaolala katika somo la hesabu wataamka. Kwa wenzangu: mtume Paulo alitufundisha kuuliza kama kitu kinajenga. Tuuulize kila mchezo swali hilo, mpya na wa zamani, mbele ya kutosha feza. DOOM, kwa yule anayetaka kujua namna ilivyotengenezwa, inajibu vizuri. Mingi ya ile mipya inanyamaza.

Mwenye mawazo mengine aandike. Gazeti ni letu sote.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, sehemu ya Sayansi