Ngeli si Mali ya Wabantu Peke Yao

Kila mwanafunzi wa Kiswahili amekaririshwa kwamba Kiswahili ni Kibantu kwa sababu kina ngeli. Anaiandika hoja hiyo kwenye mtihani, anapata alama zake, anaondoka akiamini kuwa ngeli zinaanzia na kuishia kwa Wabantu. Imani hiyo ni potofu, na inaniudhi kuona bado tunaifundisha.

Twende Navrongo na Paga, kaskazini mwa Ghana, kisha tuvuke mpaka hadi Pô na Tiébélé nchini Burkina Faso. Wakasena wa huko wanazungumza Kasem, lugha ya tawi la Gur, isiyo ya Kibantu hata kidogo. Nomino zake zina ngeli, umoja kwa wingi, na viwakilishi hufuata ngeli hizo. Ila alama ya ngeli hukaa mwishoni mwa neno.

Chumba ni diga, vyumba ni di. Mto ni buga, mito ni bwi. Mguu ni naga, na wingi wake ni ne, kwa e ya mdomo uliopanuka. Mtu wa haraka ataona vurugu tupu. Lakini kanuni ipo: -a ya umoja inatoka, -i ya wingi inaingia, na g iliyobanwa kati ya vokali inadondoka. Hapo bui huwa bwi, kama ku-enda inavyokuwa kwenda. Nai huwa ne, kama ma-ino inavyokuwa meno. Chomsky na Halle, katika kitabu chao cha mwaka 1968 kuhusu sauti za Kiingereza, waliyachambua maumbo haya haya ya Kasem, na wanaisimu wenzao wakaendelea kuyabishania.

Kifula nacho, kuanzia Senegal hadi Sudan, kina ngeli zaidi ya 20. Je, Wafula ni Wabantu?

Ubantu wa Kiswahili ni wa kweli, lakini ushahidi wake ni mwingine: maumbo ya viambishi awali vyenyewe, msamiati wa msingi, na sauti zinazolingana kwa utaratibu kati ya lugha na lugha. Ngeli zenyewe zinaelekeza mbali zaidi, kwenye ukoo mkubwa wa Niger-Kongo, ambamo wanaisimu wengi huziweka lugha za Gur pamoja na zetu. Tunapomfundisha mtoto kwamba ngeli ni za Wabantu tu, tunamficha ndugu zake wa Navrongo. Swali hilo la mtihani liondolewe, na vitabu vya kiada vinavyolilea viandikwe upya.