Kutosomeka Si Ujuzi

Kuna watu wanaoringa kwamba programu zao za asembla hazisomeki. Eti huo ndio ujuzi. Ukiuliza swali unaambiwa kazi hii si ya watoto, nenda kaandike Python. Mimi nasema huo ni uchoyo tu, na bili yake hulipwa na mtu mwingine.

Chukua amri moja: B *+8. Kwenye zile kompyuta kubwa za IBM, maana yake ni ruka baiti 8 kutoka amri hii inapoanzia. Yenyewe ina baiti 4, kwa hivyo inavuka amri moja ya baiti 4 iliyo mbele yake. Safi. Miaka inapita, kijana anakuja kubadilisha ile MVI ya katikati iwe MVC, ambayo ni baiti 6. Asembla hailalamiki. Programu inaruka vilevile kama zamani, inatua tumboni mwa MVC, na kipande cha anwani kinasomwa kama amri. Atakayeamshwa usiku wa manane mishahara ikikwama ni huyo kijana, si mzee aliyeandika nyota na nane akaenda zake kustaafu.

Na dawa ni lebo tu! Lebo haiongezi hata baiti moja kwenye programu inayoendeshwa. Hata ukiipa rejista ya 5 jina RSALIO kwa EQU, mashine hailipi chochote. Jina linaishia kwa asembla. Kwa hivyo mtu asiniletee hadithi za kubana kumbukumbu.

Wazee walikuwa na sababu zao, hilo sikatai. System/360 ilipotangazwa mwaka wa 1964, watu walitoboa kadi za safu 80, na majina yalikuwa mafupi kwa lazima. Lakini High Level Assembler ya 1992 inakubali majina ya hadi herufi 63. Sitini na tatu, jamani, na bado mtu anaita salio X1.

Halafu maelezo ya pembeni. LA R5,1, kisha “weka 1 kwenye R5”. Si naona! Niambie kwa nini 1. SR R5,R5 haihitaji neno, kila fundi anajua unafuta rejista. Ila ukiamua kutumia LA R5,0 kwa sababu SR ingevuruga matokeo ya ulinganisho uliotangulia, hapo ndipo uandike, bwana, kabla mjuaji mwingine hajairudisha kuwa SR.