Amri Isiyosomwa

Kuanzia tarehe 1 Februari, 2026, serikali ya Marekani ilianza kumtoza dola 45 abiria wa ndege za ndani ya nchi asiye na kitambulisho kinachokubaliwa, ili ichunguze kuwa yeye ni nani. Habari hiyo yatukumbusha shauri la Bwana John Gilmore.

Tarehe 4 Julai, 2002, sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo, Bwana Gilmore alitaka kusafiri kutoka California kwenda Washington. Alikataa kuonyesha kitambulisho, akazuiwa. Alipotaka kuiona amri hiyo, hakuonyeshwa, ilikuwa siri. Mwaka 2006 majaji wa rufani waliisoma faraghani, wakakata shauri kwamba haki yake haikuvunjwa, maana angeweza kukubali kupekuliwa zaidi au kusafiri kwa njia nyingine.

Sisi hatubishi kwamba ndege zahitaji ulinzi, hasa baada ya maafa ya Septemba 11, 2001. Na apekuliwe kila abiria pamoja na mizigo yake. Lakini kisu hutafutwa mfukoni, hakitafutwi katika jina.

Katika Kenya ya mkoloni Mwafrika alivikwa kipande shingoni. Sheria ile ilikuwa dhuluma tupu. Walakini ilitangazwa, watu wakaijua, wakaipinga mchana kweupe. Amri ya siri itapingwaje?

Serikali imwambiayo raia, "Onyesha karatasi yako," haina budi nayo kuonyesha yake.